Boma, stesheni, kanisa la mlimani au duka la Kihindi: ukiwa na siku moja Arusha au Moshi, ukatazame jengo lipi?

Kuanzia katikati ya Desemba simu yangu haitulii. Ndugu wanaorudi Kilimanjaro kula Krismasi na walimu wenzangu wanaopanga ziara za Januari wananiuliza swali lilelile: tuna siku moja tu, tuwapeleke watoto wakaone jengo gani la zamani? Nafundisha uashi, na kwa miaka mingi nimewachukua wanafunzi kutazama kuta zilizojengwa huku kwetu tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi Waingereza walipokuwa wameshazoea kutawala. Sijawahi kumjibu mtu kabla ya kumuuliza kwanza: unataka mtoto arudi nyumbani na nini kichwani?

Majengo ya wakati ule si ya aina moja. Kuna ya dola, kuna ya reli, kuna ya misheni, na kuna ya biashara. Ukienda kwenye boma huku moyo wako unatafuta habari za bibi yako aliyebatizwa mlimani, utarudi umechoka na hujapata kitu. Ndiyo maana nimeamua kuyaweka yote manne mezani.

Nimeyapima kwa mambo manne. La kwanza ni jengo lenyewe: je, umbo lake la awali bado linaonekana, au limefunikwa na marekebisho? La pili ni simulizi, hasa la mikono iliyobeba mawe, maana jina la aliyetoa amri huwa halipotei. La tatu ni kufika na kuingia, yaani nauli, kiingilio na ruhusa. La mwisho ni nani linamfaa.

Boma la Arusha

*Jengo lenyewe.* Lilijengwa kati ya 1899 na 1900 kama ngome ya jeshi la Wajerumani, na leo ndilo jengo la zama zile lililo rahisi kusomeka kuliko mengine katika miji hii miwili. Kuta ni za mawe, nene, nyeupe, na majengo yamezunguka ua. Nikifika na wanafunzi, kazi ya kwanza ninayowapa ni kunyoosha mkono ndani ya uwazi wa dirisha na kupima unene wa ukuta. Hapo hawahitaji tena kuambiwa kwamba aliyejenga alikuwa anaogopa. Nyumba ya mtu anayelala kwa amani haijengwi hivyo.

*Simulizi.* Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Kapteni Kurt Johannes aliyekuwa na kikosi chake Moshi akaja kulipiza kisasi: watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikafyekwa. Miaka mitatu baadaye Waarusha na Wameru walewale walioshindwa ndio waliolazimishwa kujenga ngome ya kuwatawala. Hili huwa nalisema mbele ya ukuta wenyewe, kwa sauti, kabla hatujaingia ndani kutazama kitu kingine chochote. Jiwe moja la msingi linahitaji watu wawili kulinyanyua, na hapo yapo maelfu.

Tena kuna alama ambayo jengo la namna hii limetuachia kwenye ulimi. Boma kwa asili ni zizi au uzio wa kujikinga, lakini tangu wakati ule likawa pia jina la ofisi ya serikali. Mpaka leo wanaofunga ndoa kwa mkuu wa wilaya tunasema wamefunga ndoa ya bomani.

Mji wa Arusha umekua kuanzia hapo. Ukisimama kwenye lango ukatazama kusini, Barabara ya Boma inateremka moja kwa moja hadi Mnara wa Saa, na unaona jinsi mtu aliyepanga mji alivyotaka kila njia ielekee kwake.

*Kufika na kuingia.* Hakuna rahisi zaidi. Ukishuka Mnara wa Saa unatembea dakika chache tu. Tangu 1987 jengo ni makumbusho ya Taifa ya historia ya asili, kwa hiyo kuna saa za kufungua, kuna kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Wanafunzi waende na barua ya shule. Ndani kuna sehemu ya historia ya Arusha chini ya Wajerumani, sehemu ya wadudu, na sehemu kubwa ya asili ya binadamu, pamoja na habari za Olduvai, ambako Mary Leakey alipata fuvu la *Zinjanthropus* mwaka 1959. Na hapo ndipo penye upungufu kwa mtu aliyefuata jengo: maonyesho yanavuta macho mpaka kuta zinasahaulika. Nawashauri watu wazunguke nje kwanza nusu saa nzima.

*Linamfaa nani.* Mwalimu mwenye watoto arobaini, mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu, na yeyote anayetaka maelezo yaliyoandikwa tayari ukutani.

Stesheni ya Moshi

*Jengo lenyewe.* Hapa inabidi mtu apunguze matarajio kidogo halafu aongeze umakini. Stesheni haikujengwa kutisha wala kupendeza. Ilijengwa ili mizigo na watu wapite. Uzuri wake uko kwenye vitu vya kazi: paa lililotokeza nje kufunika jukwaa, urefu wa jukwaa lenyewe, milango inayofunguka kuelekea njia ya reli badala ya mtaani. Na usitazame juu tu. Shuka macho hadi chini. Chuma cha reli cha zamani huchapwa ubavuni jina la kiwanda na mwaka kilipotengenezwa, na mwanafunzi mmoja akiupata wa kwanza, wengine wote hupiga magoti kutafuta. Wajerumani walipendelea mataruma (yale mapande yanayobeba reli) ya chuma kwenye njia hii kwa sababu mchwa wa huku walikuwa wanakula ya mbao. Hilo peke yake ni somo zima la kuchagua vifaa kulingana na mahali.

*Simulizi.* Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. Fedha ziliisha mara kadhaa njiani, na sehemu kubwa ya jasho ilikuwa ya vibarua waliotoka mbali, wakiwemo Wanyamwezi. Ilipofika, mji ulihama. Moshi ya kwanza ilikuwa juu, Old Moshi, kwa Mangi (yaani chifu) Rindi na baadaye mwanawe Meli. Reli haikuweza kupanda kule, basi serikali na biashara zikaifuata reli chini kwenye tambarare. Kwa hiyo ukisimama stesheni unakuwa umesimama kwenye sababu ya mji wa Moshi kuwa pale ulipo. Machi 1916 Waingereza waliuteka mji, na vita hivyohivyo vikaleta tawi la reli kutoka Voi hadi Kahe, lililounganisha njia hii na ile ya Mombasa. Arusha ilisubiri mpaka kuelekea 1930 ndipo reli ikafika, na ndiyo maana stesheni yake ni ya mkono wa Waingereza. Mwenye muda azione zote mbili alinganishe.

*Kufika na kuingia.* Kwa miguu kutoka katikati ya mji. Hakuna kiingilio. Lakini hapa ni mahali pa kazi chini ya Shirika la Reli, kwa hiyo mwone msimamizi kwanza, jitambulishe, na uombe ruhusa kabla ya kutoa kamera. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kimya, na siku ya treni pana uhai tofauti kabisa: mabegi, ndizi, watoto waliolala mabegani. Ulizia ratiba pale dirishani, maana hubadilika.

*Linamfaa nani.* Mtu anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi. Vijana wa ufundi hawachoki hapa. Mtoto mdogo atachoka baada ya robo saa, isipokuwa treni iwepo.

Makanisa ya misheni mlimani

*Jengo lenyewe.* Hapa sikuchagua moja, kwa sababu uzuri wake ni kuwa na kadhaa kwenye safu moja ya mlima. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890 na Kibosho 1893. Walutheri wa Leipzig walianza Machame, pale Nkwarungo, mwaka huohuo 1893, wakaenda Old Moshi, Kidia, 1896, kisha upande wa Meru wakafungua Nkoaranga 1902, na Ilboru juu ya Arusha 1904. Makanisa na nyumba za wamisionari vilijengwa na kupanuliwa kwa awamu. Katika eneo moja la misheni unaweza kukuta ukuta wa mawe wa zama zile, sakristia iliyoongezwa, na kanisa jipya la zege kando yake. Ni kama kuhesabu miaka kwenye shina la mti.

Kwa mwashi hili ndilo darasa tajiri kuliko yote. Ukuta wa zamani uliungwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu: maji yakiingia wakati wa masika, jua la Septemba linayatoa. Siku hizi, kwa nia njema kabisa, kamati ya ujenzi hukusanya michango na kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Unapendeza miaka miwili au mitatu. Kisha maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa njia, plasta inavimba, rangi inabanduka kama maganda, na mahali pengine uso wa jiwe hutoka pamoja nayo. Nimeona hili mara nyingi mno na linaniuma kila mara, kwa sababu waumini wametoa fedha zao za kahawa na ndizi kulipia kitu kinachoumiza kanisa lao. Ukitaka kutofautisha bila kugusa ukuta: uungio wa chokaa ni mweupe wenye chembechembe nyeupe ndani yake, wa saruji ni wa kijivu na umekaza.

*Simulizi.* Hapa watu hawatasoma bango. Watakaa na mzee. Wazee wa mlimani husimulia jinsi waumini walivyobeba mawe kichwani kutoka mtoni, mstari mrefu wa wanawake na watoto, na wengi wanasimulia kwa fahari. Lakini Kidia ina upande mwingine. Si mbali na hapo, Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine 18, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho na watu wa Meru na Arusha. Ukoo wa Meli bado unatafuta fuvu lake lililoaminika kupelekwa Ujerumani. Na ni palepale Old Moshi ambapo Bruno Gutmann alifanya kazi ya uchungaji miaka mingi hadi 1938, akiandika mila za Wachagga kwa undani ambao wenyewe leo tunaurejea. Bustani ya misheni, mti wa kunyongea, kihamba (shamba la ukoo) cha mangi: vyote viko kwenye mwendo wa mguu mmoja. Sijui mahali pengine Kilimanjaro panapolazimisha mtu kushika mambo haya yote kwa pamoja.

Kilema ina simulizi tamu zaidi, la kahawa. Mapadre waliipanda huko, na zao hilo ndilo lililokuja kusomesha nusu ya ukoo wangu.

*Kufika na kuingia.* Hapa ndipo penye ugumu. Kutoka Moshi kwenda Kidia unapitia Kiboriloni na kupanda. Daladala zipo lakini si za kila dakika, na mvua ikinyesha barabara za mlimani hazina huruma. Nkoaranga unaingilia kutoka barabara kuu ya Arusha–Moshi, eneo la Usa River na Tengeru, nayo ndiyo rahisi kwa anayekaa Arusha, ukiacha Ilboru. Hakuna kiingilio, ila kuna adabu: piga simu au pitia ofisi ya usharika au parokia kabla, na sadaka usisahau. Jumapili usiende kama mtalii. Nenda kusali, kaa hadi mnada wa mavuno baada ya ibada, nunua mkungu wa ndizi, halafu uombe mzee akuonyeshe kanisa. Utaonyeshwa na mnara wa kengele.

*Linamfaa nani.* Anayetafuta asili ya familia yake, anayejua kuuliza wazee, na mwenye miguu. Darasa kubwa lisije bila mwenyeji.

Maduka ya Kihindi katikati ya Moshi

*Jengo lenyewe.* Watu hupita mbele yake kila siku bila kunyanyua kichwa. Inua macho juu ya kibao cha simu au cha vipodozi: kwenye kichwa cha ukuta mara nyingi kuna jina la ukoo au la nyumba, na mwaka. Mengi ya haya ni ya zama za Waingereza, miaka ya 1920 na kuendelea. Mpango ni uleule: duka mbele, stoo na makazi nyuma au juu, ua katikati, baraza yenye nguzo mbele ili mteja asinyeshewe. Milango ni ya mbao mipana ya kukunja. Pale paa la awali lilipobaki utaona vigae vyekundu vilivyoletwa kwa meli kutoka Mangalore.

*Simulizi.* Wenyewe walitoka Gujarat, Kutch na Punjab. Mafundi wengi wa mawe na mbao walikuwa Makalasinga, na babu yangu alijifunzia kazi kwao kama kibarua wa kuchanganya udongo, akaishia kuwa mwashi mwenyewe. Hakuna aliyeandika jina lake mahali. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo ukuta mmoja unaweza kuwa na historia tatu za umiliki.

Nalisema hili kwa wasiwasi: kati ya haya manne, maduka ndiyo yanayoondoka upesi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa rasmi, moja moja. Boma lina makumbusho ya kulitetea, kanisa lina waumini. Duka lina mpangaji anayetaka vioo na dari ya jasi. Kuna jengo nililowaonyesha wanafunzi mwaka hadi mwaka, lina tarehe nzuri ya kuchongwa juu ya mlango. Mara ya mwisho tulipofika, tarehe ilikuwa imefunikwa na plasta.

*Kufika na kuingia.* Uko mjini tayari. Zunguka mitaa ya karibu na soko kuu na Mnara wa Saa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mtaani ni bure. Ua wa ndani ni nyumbani kwa watu, piga hodi na ukubali ukikataliwa. Arusha nayo inayo machache, upande wa Goliondoi na mitaa ya jirani, ila mengi yameshatoa nafasi kwa maghorofa.

*Linamfaa nani.* Mpiga picha, mchoraji, na mtu aliyepata saa mbili tu kati ya safari na safari. Halimfai anayehitaji maelezo, maana hakuna mtu wala bango la kumwelezea.

Sasa uende wapi?

Ukiwa na watoto wa shule ya msingi, nenda Boma la Arusha. Pana choo, pana kivuli, pana mtu wa kuwaeleza, na wadudu wa kuchora daftarini watoto wakichoka na historia. Ukiwa na vijana wa sekondari wanaosoma ukoloni, ningekwenda Kidia, kwa gari lililokodiwa, na mwenyeji aliyekwisha kuongea na wazee. Watauliza maswali ambayo kwenye boma hawayaulizi, kwa sababu kule mlimani wanaowajibu ni wajukuu wa waliokuwepo.

Aliyekuja msibani au harusini na ana asubuhi moja Moshi mjini, aunganishe stesheni na maduka. Havihitaji nauli, na kimoja kilizaa kingine: reli ilipofika ndipo wafanyabiashara wakafuata. Anayelala Arusha na kukereka na umati aache boma kwa siku nyingine, apande Nkoaranga siku ya kazi, saa nne asubuhi, ukungu ukishapanda.

Mzee mwenye magoti mabovu asipande mlimani kwa daladala, hata akisisitiza. Boma linamtosha, na jioni mkae naye muulizane majina ya waliobeba mawe kwenye kanisa la kwao.

Anayejenga au kukarabati, awe mjumbe wa kamati ya kanisa au mmiliki wa nyumba ya zamani, ningemwomba aone mawili siku moja: ukuta wowote wa mlimani uliopigwa saruji na ule ulioachwa na chokaa yake. Aende Mei, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Aweke kiganja kwenye kila mmoja, kisha ndipo aitishe bei ya mifuko.